Mama Bunlai na Kuponi za Mafuta

Nimewadanganya watu wengi nje ya hekalu la Buddha Aliyelala, sitaki kujifanya mtakatifu. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Unaegesha tuktuk kwenye kivuli cha ukuta, unangoja mtalii mwenye ramani mkononi na jasho mgongoni, unamwambia kwa masikitiko makubwa kwamba leo hekalu limefungwa, watawa wana ibada hadi saa nane mchana. Lakini ana bahati, kwa sababu mimi nitamzungusha mjini kwa baht ishirini tu. Njiani tunapita kwenye duka la vito, kisha la suti. Asiponunua kitu haidhuru. Akikaa humo dakika kumi, duka linanipa kuponi ya mafuta. Hekalu, bila shaka, liko wazi tangu asubuhi.

Siku hiyo ilikuwa Desemba, majira ambayo sisi wa Bangkok tunayaita baridi kwa sababu jasho linatoka taratibu. Nikamwona mama mmoja mfupi, kofia pana ya majani, miwani myeusi iliyomfunika nusu ya uso, kamera ya zamani kifuani, daftari la shule kwapani. Nikasema moyoni, huyu wa Singapuri. Nikamwendea na Kiingereza changu cha maneno arobaini.

"Madam! Hekalu leo limefungwa. Ibada. Watawa wengi!"

Akashusha miwani hadi kwenye ncha ya pua. Akanitazama kuanzia kandambili mpaka kofia, kisha akanijibu kwa lugha ya nyumbani kwetu kabisa, ile ninayoongea na mama yangu mzazi.

"Limefungwa? Na wale wanaotoka pale mlangoni wanalamba aiskrimu, ndio watawa?"

Maneno yangu yote arobaini yakaniishia.

Mimi ni mtu wa Mukdahan, mashariki kabisa, ukingoni mwa Mekong. Ng'ambo ni Savannakhet, nchi ya Laos. Nimekua nikiona nguo zao zikianikwa na kusikia majogoo yao yakiwika. Lugha ni moja, mto tu ndio umekatiza katikati. Lakini miaka kumi na tisa ya kuendesha tuktuk Bangkok, hakuna mtalii aliyewahi kunisuta kwa lugha ile.

"Mtoto wa nani wewe?" akauliza.

"Wa mzee Khamsing, Mama. Pale juu ya kivuko."

"Khamsing wa mabata?"

"Ndiye huyo."

"Baba yako aliniuzia bata kipofu mwaka wa mafuriko. Kumbe ni damu." Akapanda tuktuk bila kuuliza bei, akaweka kofia mapajani. "Haya, nieleze huu uongo wako unavyofanya kazi. Usiruke kitu."

Sijui kwa nini nilimweleza. Labda ni ile sauti. Mtu akikusemesha kwa sauti ya shangazi zako, mdomo unafunguka wenyewe. Nikamtajia maduka, dakika, kuponi, kila kitu. Alisikiliza kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua. Mwisho akauliza:

"Humo dukani kuna kiyoyozi?"

"Kipo, Mama. Meno yanagongana."

"Na choo?"

"Cha marumaru."

"Maji ya kunywa?"

"Maji, chai, soda. Wageni wanapewa bure."

Akapiga daftari kofi moja. "Na mimi si mgeni? Pasipoti yangu ni ya Laos. Basi wewe upate mafuta, mimi nizungushwe mji. Kila baada ya duka moja, sehemu moja ya kwenye daftari langu. Na hizo baht ishirini zako usinitajie tena."

"Mama, hawataamini. Mlao wa sokoni anunue yakuti?"

"Kwani lazima niwe Mlao? Wewe umenionaje ukanijia na Kiingereza chako cha kuokoteza?"

"Nilidhani wa Singapuri."

"Basi wa Singapuri. Mjane. Marehemu ameacha meli."

"Meli ngapi?"

"Usiwe na tamaa. Mbili."

Jina lake Mama Bunlai. Alikuwa na miaka sitini na minne, na zaidi ya nusu ya hiyo ameuza vitambaa katika soko la Savannakhet. Bangkok hakuwahi kufika. Alikuja kwa basi, akiwa na kikapu cha wali wa kunata, nyama kavu na kopo la pilipili ya kusaga, na alikuwa amepata kitanda karibu na stesheni ya reli, katika chumba cha vitanda vinane pamoja na vijana wa Kizungu wenye mabegi makubwa kuliko wao. Asubuhi ya kwanza tu alikuwa ameshawafulia soksi, si kwa huruma, bali kwa sababu ya harufu. Na lile daftari ndilo lililomleta. Majirani zake sokoni hawakuwa na nauli, kwa hiyo kila mmoja alimwandikia jambo moja akamwonee. Muuza samaki alitaka ajue Buddha Aliyelala ana unyayo wa urefu gani. Mshona viatu alitaka aambiwe treni inayopita juu ya nyumba za watu inatikisika au haitikisiki. Bibi wa mboga alitaka jibu moja tu: wanawake wa Bangkok ni weupe kweli, au ni poda?

Unyayo tulikuwa nao hapo hapo. Aliingia hekaluni, akaupima kwa hatua zake mwenyewe, akatoka akaandika. Kisha tukaenda kwenye duka la kwanza.

Nilijua atatuumbua. Mimi nilisimama mlangoni kama wanavyosimama madereva, mikono mbele, nikijifanya sijui lolote. Mama Bunlai akaingia polepole, akavua kofia, akampa mlinzi wa mlangoni kama vile ni mtumishi wake wa siku nyingi. Kijana wa mauzo akamjia na Kiingereza, akahamia Kichina, akajaribu hata Kijapani. Mama alijibu zote tatu kwa neno moja.

"Hm."

Wakamletea trei ya pete. Akainua moja, akaipeleka kwenye mwanga, akaishusha. "Hm." Ikaja trei ya pili, mawe makubwa zaidi. Akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyekumbuka meli zake. Kufikia trei ya nne meneja mwenyewe alikuwa amepiga magoti kando ya kiti, soda ilikuwa imeletwa mara mbili, na dakika zilikuwa zimefika ishirini na tano. Alipoinuka akaonyesha kidole kuelekea chooni. Alirudi na chupa yake ya maji imejaa.

Nje nilicheka mpaka nikashika usukani.

"Unacheka nini?" akasema, akitoa soda ya pili chini ya kofia. "Miaka thelathini na tano wananisumbua wateja wa namna hiyo. Wanakaa saa nzima, wanashika kila kitambaa, wanasema 'hm', wanaondoka. Leo ndiyo nimejua kwa nini wanafanya. Ni raha sana."

Tukaenda hivyo siku mbili. Duka la vito, kisha tukapanda ngazi zote za Mlima wa Dhahabu, yeye mbele, mimi nyuma nikihema. Duka la mikoba, kisha mtaa wa Wachina. Duka la suti, ambako walimpima mabega na kiuno kwa ajili ya suti ya marehemu mumewe. Nikamwuliza alipotoka:

"Mama, marehemu anahitaji suti ya nini?"

"Walipouliza ya nani nikasema 'hm'. Wakajibu wenyewe."

Jioni nikifika nyumbani mke wangu, Lamyai, ananikuta nikihesabu kuponi. "Umemwibia nani?" anauliza. Nikimweleza haamini. "Mama wa Savannakhet? Mjane wa meli? Wewe Sawaeng utafungwa na utanifungisha na mimi." Lakini kila siku anataka nimsimulie tangu mwanzo.

Siku ya pili mchana Mama Bunlai alifungua ukurasa ambao haukuandikwa na jirani yeyote. Maandishi yalikuwa yake.

"Nipeleke kwa Buddha wa Zumaridi," akasema.

Pale raia wa Thailand huingia bure, wageni hulipa, na si haba. Nikamwambia bei.

"Nilipe?" Akanigeukia. "Nilipe kumwona mtu wa kwetu?"

Kila Mlao anajua habari hiyo, na kila mtu wa Mukdahan pia, ingawa huku Bangkok hatuitaji sana. Zamani Buddha yule alikaa Vientiane, mji mkuu wa Laos, kwa miaka zaidi ya mia mbili, hadi majeshi ya upande huu yalipomchukua vitani. Nikaegesha.

Kwa hiyo mtu ambaye asubuhi ile ile dukani alikuwa mjane wa Singapuri, mchana akageuka mwananchi wa Thailand. Alivua miwani, akanyoosha sketi yake ndefu ya hariri, akanishika mkono kama mama aliyeletwa mjini na mwanawe, akaenda kusimama kwenye mlango wa wenyeji. Askari akatutazama.

"Kitambulisho, Mama?"

"Nimemwachia binti yangu, mwanangu. Kuna jirani anakuja kuazima sufuria."

Askari akafikiri jambo hilo. Hata mimi nililifikiri.

"Mama unatoka wapi?"

"Mukdahan."

"Mukdahan sehemu gani?"

"Nyuma ya soko la ukingoni, ukipita muuza sumu za panya, si yule wa kwanza anayeuza unga wa mihogo, wa pili, mwenye mke anayekohoa." Mama Bunlai huvuka mto kila wiki kwenda soko lile kununua nyuzi. Aliendelea kumweleza askari mitaro, mbwa, na mti uliokatwa bila idhini ya watu. Foleni nyuma yetu ikaanza kunung'unika.

"Haya, na gavana wenu ni nani?"

"Kwani wewe wako unamjua?"

Foleni ikacheka. Askari naye akajikuna shingo, akatupungia mkono tupite.

Ndani hakucheza tena. Buddha yule ni mdogo kuliko watu wanavyodhani, amekaa juu sana, mbali na watu, na msimu ule alikuwa amevalishwa vazi lake la baridi la nyuzi za dhahabu. Mama Bunlai alipiga magoti kati ya umati, akasujudu mara tatu, akabaki ameinua uso. Nilikuwa karibu, nikamsikia. Hakuwa akiomba. Alikuwa anapiga soga kwa sauti ya chini, vile unavyozungumza na ndugu aliyeolewa mbali.

"Wamekufunika vizuri," alimwambia. "Ushonaji hauna kosa. Huko kwetu mvua ilikuwa nyingi. Hekalu lako wamelitengeneza, lakini kiti hakina mtu. Watu ni wazima, wanakuulizia."

Akafuta macho kwa mkono wa blauzi. Nikaangalia pembeni. Tulipotoka alisimama mbele ya sanduku la sadaka, akafungua mkoba kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akatumbukiza noti kadhaa zilizokunjwa. Nilihesabu kwa jicho. Zilikuwa zaidi ya kiingilio.

"Mama! Si bora ungelipa mlangoni?"

"Mlangoni ingekuwa kiingilio," akasema. "Ile ni nauli. Nimemwachia ya basi hadi Vientiane. Kuondoka au kubaki, aamue mwenyewe."

Siku ya tatu ndipo mambo yalipoharibika.

Lilikuwa duka la hariri, kubwa, jipya, kuponi zake mbili kwa mgeni mmoja. Meneja wake, Bwana Phaibun, alikuwa mtu wa tai na manukato, na mimi alinijua miaka mingi. Mama Bunlai akaingia na meli zake mbili, akakalishwa kwenye kochi, akaletewa chai ya ua la krisanthemamu. Kila kitu kilienda sawa. Dakika sita. Dakika saba.

Kando yake walikuwa wamekaa vijana wawili wa Kizungu, msichana na mchumba wake. Bwana Phaibun alikuwa amemkunjulia msichana jora zima la kitambaa cheupe chenye kumeta, akimwambia ni hariri safi, imefumwa kwa mkono na akina bibi wa mashariki, na kwamba gauni la harusi la kitambaa hicho litarithiwa na wajukuu. Msichana akakiweka shavuni. Macho yakamlegea. Mchumba akaanza kutoa kadi ya benki.

Nikamwona Mama Bunlai anainama. Akashika pindo la jora kwa vidole viwili. Akasugua. Uso wake ukabadilika, nikajua tumekwisha.

"Hm," akasema, na hiyo haikuwa ya kuigiza.

Nikamtolea macho kutoka mlangoni. Nikamwonyesha vidole vitatu: dakika tatu tu, Mama, vumilia. Akasugua tena. Kisha akapaza sauti yake yote ya sokoni, kwa lugha ya kwetu, duka zima likageuka.

"Sawaeng! Leta kiberiti!"

Wasichana wa mauzo, nusu yao ni wa huko huko kwetu mashariki, wakaangua kicheko kabla hawajajizuia. Nami, kwa ujinga gani sijui, nikaenda nikampa kiberiti changu cha gesi.

Akavuta uzi mmoja kutoka kwenye jora. Akavuta mwingine kutoka kwenye upindo wa sketi yake mwenyewe. Akauwasha wa kwake, ukaungua polepole ukageuka jivu, akampelekea msichana puani: harufu ya nywele zilizoungua. Kisha akauwasha wa dukani. Ule ukayeyuka, ukajikunja ukawa kitone cheusi kigumu, na harufu yake ilikuwa ya beseni la plastiki lililosahauliwa juu ya moto. Hakusema neno lolote la Kizungu. Msichana alinusa, akamtazama mchumba, na kadi ikarudi mfukoni.

"Akina bibi wa mashariki ndio sisi!" Mama Bunlai akamwambia Bwana Phaibun. "Unataka kutusingizia beseni hili?"

"Huyu ni nani?" Bwana Phaibun akanifokea. "Wewe Sawaeng, huyu ni nani?"

"Mjane," nikasema.

Tulisukumwa nje mimi na yeye, kofia ikatufuata baadaye kwa kurushwa. Bwana Phaibun alisimama barabarani akaandika namba ya tuktuk yangu kwenye kiganja cha mkono. Nilijua kabla ya chakula cha mchana kila duka mjini litakuwa nayo.

"Umeniharibia kazi!" nikamwambia tulipofika kona. "Siku tatu umedanganya mji mzima, dakika tatu zimekushinda?"

"Kudanganya kwamba nina meli, ule mchezo," akasema, akipangusa kofia. "Hakuna aliyelia. Kumdanganya mtoto wa watu kuhusu kitambaa cha harusi, hapana. Nisingelala."

"Na mimi nitalala? Shuka. Shuka, Mama."

Akashuka. Nikaondoka kwa kasi, moshi mweusi nyuma. Nilizunguka mtaa mzima nikijisemea maneno ambayo sitayarudia hapa. Nikakumbuka kwamba hajui njia ya kurudi stesheni. Nikakumbuka bata kipofu. Nikageuza.

Nilimkuta pale pale, ameegemea tuktuk ya Chuchai, mshindani wangu wa miaka yote, akimhoji.

"Na hilo la viatu vya ngozi, wanatoa kuponi ngapi? Choo kipo?"

"Mama Bunlai," nikaita.

"Ngoja kidogo, mwanangu, naongea na huyu."

"Mama, twende."

"Ulisema nishuke."

"Nilikuwa na hasira."

"Chuchai hana hasira. Sivyo, Chuchai?"

"Sina hata kidogo, Mama," akasema yule mshenzi, meno yote nje.

Ilibidi nimwombe Mama radhi mbele yake, mara mbili, mara ya pili kwa sauti, ndipo akapanda. "Imebaki treni ya mshona viatu," akaniambia akijiweka sawa. "Na hiyo haina duka, kwa hiyo usijali."

Nilimfikisha kwenye stesheni ya treni ya juu, nikataka kumngoja chini. Akakataa. Akaniuliza treni hiyo inatikisika vipi, nikasema sijui, sijawahi kuipanda. Miaka kumi na tisa nimepita chini yake nikiichukia kwa kuninyang'anya abiria. Akafungua mkoba kwa mara ya pili, akanikatia tiketi.

Tulisimama dirishani kama watoto. Nikaiona mitaa yangu kwa juu, foleni zangu, makorongo yangu, tuktuk ndogo kama visanduku vya kiberiti. Tulipopita juu ya duka la Bwana Phaibun nilimwonyesha. Mama Bunlai akalipungia mkono kwa heshima zote.

"Inatikisika?" nikamwuliza.

"Kidogo kwenye kona. Andika." Akanipa daftari. Nikaandika. Chini yake palikuwa na swali la bibi wa mboga, na jibu lilikuwa tayari limejazwa: poda.

Aliondoka kesho yake kwa basi la asubuhi, kikapu kitupu, soksi za Wazungu zimeanikwa nyuma yake. Lamyai alikuja kumsindikiza, maana alisema hawezi kuendelea kumsikia tu. Walikaa kwenye benchi saa nzima wakinisengenya mbele yangu.

Maduka yalinifungia miezi mitano. Mwezi wa kwanza tulikula vibaya, sitaki kusema uongo. Kisha nikapata kazi ya kubeba maua alfajiri kutoka soko la maua kwenda kwenye mahekalu na mahotelini, na mpaka leo ndiyo ninayoifanya. Maua hayaulizi bei wala hayatapiki kwenye kiti. Lamyai anasema nanuka yasmini, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ndoa yetu.

Mama Bunlai alipiga simu siku za mwaka mpya wetu, mwezi wa Aprili. Alitaka kujua hali yetu, akalalamika kuhusu nyuzi, na mwisho akasema muuza samaki haamini urefu wa unyayo na anataka kuja kuupima mwenyewe. Ana hasira huyo, akaniambia, na hawezi kusema "hm" hata kidogo, anaropoka. Nilikuwa nafikiria namna ya kumkatalia kwa adabu, lakini Lamyai alikuwa ameshaninyang'anya simu, anamwuliza wanakuja lini na huyo mama anapenda kulala upande gani.